Kwa nini wengine hurudi kwenye biashara baada ya kuanguka na wengine hawarudi kabisa?

MizaniYaShaba (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba tujadili jambo moja bila zile hadithi za "mimi nilianguka mara tatu nikainuka". Zimejaa kila mahali na hazimsaidii mtu mwenye kazi ya kushauri wengine.

Swali ni hili. Watu wawili wamefunga biashara mwaka mmoja. Hasara zao zinakaribiana, umri unakaribiana. Mmoja baada ya miezi michache ameshafungua nyingine. Mwenzake hataki hata kusikia neno mtaji. Kinachowatenganisha ni nini hasa? Ni ujasiri wa kuzaliwa nao, au kuna vitu vinavyopimika na kurekebishika?

La pili: huyo aliyerudi haraka amejifunza kweli, au ni kiherehere? Kuna wanaosema kuanguka ni shule. Kuna wanaosema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwa hiyo usitegemee arudi vizuri. Nataka hesabu, hatua na sababu. Mwenye ujuzi wa madeni, wa hesabu au wa tabia za watu, karibu.

DaftariWazi

Nianze na madeni, kwa sababu ndiko wengi wanakosea kupima. Ukimuuliza mtu "uko tayari kuanza tena?" akasema hapana, mara nyingi hajakujibu kuhusu moyo wake. Amekujibu kuhusu karatasi alizosaini. Ile methali ya koleo kuvunjika na uhunzi imezoeleka, lakini haisemi koleo jipya linanunuliwa na nani, wala kama la zamani lilikuwa la mkopo.

Chukua mfano mkavu. Biashara ina fedha 400 na inapoteza 40 kila mwezi. Mwenyewe akifunga mwisho wa mwezi wa 4, anatoka na 240 mkononi. Akifunga mwisho wa mwezi wa 10, anatoka mikono mitupu. Akishikilia hadi mwezi wa 14 kwa kukopa, anatoka na deni la 160. Biashara ni ile ile, kosa ni lile lile, soko ni lile lile. Lakini hao ni watu watatu tofauti siku wazo jipya linapokuja. Wa kwanza anafikiria, wa pili anatafuta mbia, wa tatu hapokei simu. Kwa hiyo mimi huangalia namna biashara ilivyofungwa kabla sijauliza kwa nini ilianguka.

Jambo la kwanza la kukagua ni dhamana binafsi. Kampuni yenye dhima yenye ukomo humkinga mwenye hisa: kampuni ikishindwa kulipa, mali zake binafsi haziguswi. Kanuni hiyo ilikaziwa na Baraza la Malordi la Uingereza mwaka 1897 katika kesi ya Salomon, na sheria za kampuni za nchi nyingi zimejengwa juu yake. Kinga hiyo hutoboka siku mkurugenzi anapokubali kuwa mdhamini wa mkopo wa kampuni yake mwenyewe. Karatasi ya udhamini isomwe kwa mambo matatu. Ina kikomo cha kiasi, au inasema "madeni yote ya sasa na ya baadaye"? Ikiwa ni hiyo ya pili, inaweza kufunika hata mkopo ulioongezwa miaka miwili baadaye bila wewe kusaini tena. Wadhamini wanawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake"? Maana yake mbia akitoweka, mkopeshaji ana haki ya kukudai wewe deni zima, halafu kazi ya kumtafuta mbia inabaki kwako. Na inaisha vipi? Hapa ndipo watu huumia. Kufunga kampuni hakuifuti. Kuuza hisa zako na kuondoka hakuifuti. Inaisha deni likilipwa, au mkopeshaji akikupa maandishi kwamba amekuachilia. Maandishi hayo hayaji yenyewe, yanaombwa, na yanaombwa siku unapotoka, wakati bado mna sababu ya kuongea.

Jambo la pili ni nani alilipwa kwanza. Aibu humsukuma mtu kuwalipa ndugu na marafiki na kumwacha msambazaji. Inaeleweka, ila ina mtego. Sheria za nchi nyingi zinamruhusu mfilisi (anayesimamia mali za aliyefilisika) kurudisha malipo ya upendeleo yaliyofanyika muda mfupi kabla ya kufilisika, na kwa watu wa karibu muda unaoangaliwa huwa mrefu zaidi. Marekani, kwa mfano, ni siku 90 kwa wadai wa kawaida na mwaka 1 kwa watu wa ndani ya biashara. Shemeji amelipwa, ametumia, kisha anaandikiwa azirudishe. Hapo umepoteza na shemeji.

Kufunga vizuri hakuna maajabu. Chagua siku moja ya kukata hesabu: hesabu mzigo, fedha taslimu, wanaokudai na unaowadai, vyote kwa tarehe ile ile. Tarehe zikipishana, mzigo uliouzwa jana utahesabiwa mara mbili, kama bidhaa na kama deni la mteja. Panga wadai kwa makundi: wenye dhamana ya mali, kodi na mishahara, wasambazaji wasio na dhamana, halafu watu wa nyumbani. Andikia kila mmoja barua fupi yenye takwimu moja na tarehe moja. Hata ukisema utalipa sehemu tu kwa miezi 24, barua hiyo inambadilisha mdai kutoka mtu anayekutafuta kuwa mtu anayesubiri rejesho. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kuandika jina lake kwenye leseni mpya bila kutetemeka.

Na tafadhali, usitupe vitabu vya hesabu. Kodi huulizwa miaka baadaye, na somo la kuanguka liko humo.

PimaKwanza

DaftariWazi kaeleza mfuko. Mimi niingie kichwani, na nitampinga kidogo mleta uzi. Aliyerudi haraka na aliyekataa kurudi wanaweza kuwa na ugonjwa mmoja.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky mwaka 1979 walionyesha kwamba watu hawapimi fedha kwa jumla waliyonayo. Wanapima kutoka kwenye kianzio fulani, na hasara huwa nzito kuliko faida ya kiasi hicho hicho. Katika kazi yao ya mwaka 1992 uzito huo ulikadiriwa kuwa kama mara 2.25. Kwa lugha ya dukani: kupoteza 100 kunauma karibu kama kupata 225 kunavyofurahisha. Hiyo sehemu wengi wanaijua, na inaeleza mwenye woga.

Sehemu isiyosemwa sana ni nyingine. Mtu akiwa chini ya kianzio chake, anapenda kamari. Ukimpa achague kati ya hasara ya uhakika na bahati nasibu inayoweza kumrudisha sifuri au kumzamisha zaidi, mara nyingi anachagua bahati nasibu. Sasa swali la kumuuliza aliyeanguka ni moja: unahesabu kuanzia wapi? Kama bado anahesabu kuanzia pale alipokuwa kabla ya kuanguka, biashara mpya kwake haina kazi ya kuzalisha. Ina kazi ya kurudisha. Atachagua yenye faida kubwa na hatari kubwa, atakopa zaidi, atakataa faida ndogo ya kila siku. Msikilize maneno yake. Anayesema "nataka nirudishe hela yangu" mimi humwogopa kuliko anayesema "naogopa".

Kuhusu huzuni, mtafiti wa ujasiriamali Dean Shepherd aliandika mwaka 2003 kwamba kupoteza biashara huleta majonzi yanayofanana na ya msiba, na majonzi hayo huzuia kujifunza, kwa sababu akili inayouma haichambui vizuri. Pendekezo lake, lililotokana na kazi ya Margaret Stroebe na Henk Schut ya mwaka 1999 kuhusu wafiwa, ni kwenda na kurudi kati ya mambo mawili: muda wa kuikabili hasara yenyewe, kuuliza kilichotokea, na muda wa kuiacha kando na kushughulika na mambo mengine ya maisha, kama kazi ya muda na mipango ya madeni. Anayebaki upande wa kwanza tu anazama. Anayebaki upande wa pili tu anaonekana mzima, anafungua biashara, na lile kosa analihamisha nalo kama fenicha.

Sasa lawama. Hapa ndipo utayari unapotengenezwa au kuvunjwa. Aliyeanguka akisema "mimi siwezi biashara", ametaja sababu iliyo ndani yake, isiyobadilika, asiyoweza kuitawala. Hana mlango wa kurudi. Akisema "soko lilikufa, wateja ni waongo, bahati mbaya", sababu zote ziko nje, anarudi kesho bila kubadilisha chochote. Anayerudi vizuri husema kitu cha namna hii: "nilikopesha mteja mmoja theluthi ya mtaji bila kumwekea ukomo". Sababu ni yake, ni ndogo, ina mipaka, na inarekebishika.

Kuna matokeo yasiyo ya kawaida hapa. J. P. Eggers na Lin Song, katika utafiti wa mwaka 2015 uliotumia takwimu za Marekani na China, waliona kwamba walioanguka huwa na mwelekeo wa kulaumu sekta na kuhamia sekta nyingine, na kuhama huko kunaidhuru biashara inayofuata. Ukifikiri kidogo inaeleweka. Anayehama anaacha majina ya wasambazaji, bei za msimu, harufu ya mteja asiyelipa. Anabakia na tabia zake, ambazo ndizo zilizohitaji kubadilika. Milton Hershey, yule wa chokoleti, alifunga biashara ya peremende Philadelphia mwaka 1882 na nyingine New York mwaka 1886. Biashara ya tatu ilikuwa peremende tena, ya karameli zilizotengenezwa kwa maziwa halisi, na aliiuza mwaka 1900 kwa dola milioni 1. Alibadilisha mapishi na soko, hakubadilisha fani. Mfano mmoja hauthibitishi kitu, nautaja kwa sababu unaonyesha umbo la jambo.

Je, kuanguka ni shule? Paul Gompers na wenzake, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu kampuni za Marekani zilizopata wawekezaji wa mitaji, walikuta aliyewahi kufanikiwa ana nafasi ya karibu 30% ya kufanikiwa tena, na mafanikio hapo yalipimwa kwa kampuni kufika soko la hisa. Wa mara ya kwanza na aliyewahi kuanguka wote walizungukia 20%, wakipishana kidogo sana. Kwa hiyo ada imelipwa, cheti hakijatolewa. Hizo ni kampuni za aina yake, usizibandike kwenye kila kibanda, lakini zinatosha kumnyamazisha anayedai kuanguka peke yake humfanya mtu awe bora.

Jambo la mwisho kwangu. Deniz Ucbasaran, Paul Westhead, Mike Wright na Manuel Flores waliwachunguza wajasiriamali wa Uingereza, kazi yao ikatoka mwaka 2010. Wenye biashara kadhaa kwa wakati mmoja, wakionja kuanguka, walipunguza ile imani ya "mimi nitafanya vizuri kuliko wengine". Wenye kufungua moja, kuifunga, kisha kufungua nyingine, hawakuipunguza. Maelezo yenye mantiki ni kwamba mwenye biashara tatu akipoteza moja bado anakula, kwa hiyo anaweza kuitazama maiti bila kulia. Mwenye moja tu, kuikiri hasara ni kujikiri yeye mwenyewe.

MizaniYaShaba

Asante sana wakuu, hasa hilo la kianzio. Sasa nipeni vitendo. Aliyeanguka amekaa mbele yangu, ana daftari, hana majonzi makali tena. Namtoaje hilo somo kwa namba? Na akae muda gani kabla ya kurudi? Kuna wanaosema mwaka, kuna wanaosema miezi mitatu.

Ghalani

Muda kwa kalenda hauna maana. Mwaka mzima wa kukaa bila kufungua daftari ni sawa na siku moja. Angalia dalili. Anaweza kueleza biashara ilivyokufa kwa dakika tano, kwa namba, bila kumtukana mtu? Madeni yake yote yana ratiba iliyokubaliwa, hata kama hayajalipwa? Ana matumizi ya nyumbani ya miezi 6 yasiyotegemea biashara mpya? Mwenzi wake au mtu atakayeumia naye amekubali kiasi, akakitaja kwa mdomo wake? Ikikosekana moja, asirudi na mtaji mkubwa. Ya mwenzi hupuuzwa mno, kisha inakuwa ndiyo inayoua biashara ya pili mwezi wa tatu, fedha ya mzigo ikichukuliwa kulipa ada ambayo wawili hawakuizungumza.

Uchunguzi wa maiti, yaani wa biashara iliyokufa, ufanywe hivi. Rudi nyuma kwenye daftari hadi mwezi wa mwisho ambao fedha iliyoingia ilizidi iliyotoka. Kutoka hapo njoo mbele wiki kwa wiki. Chora safu nne: kilichotokea, tarehe kilipoonekana mara ya kwanza kwenye maandishi (kitabu, ujumbe, stakabadhi, chochote), uamuzi uliofanyika wiki hiyo, na uamuzi ambao taarifa za wiki hiyo hiyo zingeuruhusu. Safu ya nne ina sharti kali: haruhusiwi kutumia alichokijua baadaye. Bila sharti hilo, zoezi linageuka kuwa kujipiga kwa busara ya kuchelewa. Nalo linaongeza woga bila kuongeza ujuzi.

Safu ikijaa, utaona mstari mmoja au miwili yenye pengo refu kati ya tarehe jambo lilipoonekana na tarehe ya uamuzi. Pengo ndilo somo. Mara nyingi si wiki moja, ni miezi.

Kisha pima mzunguko wa fedha, kwa sababu biashara nyingi zinazoandikwa "wateja walikosekana" ziliuawa na wateja waliozidi. Hesabu ni hii: siku ambazo mzigo unakaa ghalani, jumlisha siku ambazo mteja wa mali kauli anachukua kulipa, toa siku ambazo msambazaji anakuvumilia. Tuseme mzigo hukaa siku 30, wateja hulipa baada ya siku 45, msambazaji anataka fedha yake ndani ya siku 15. 30 + 45 − 15 = 60. Kama bidhaa unazouza kwa siku zimekugharimu 100, una 6,000 zilizofungwa ndani ya mzunguko muda wote, hata kama kitabu kinaonyesha faida.

Sasa mauzo yapande mara mbili. Kila mtu anapiga makofi. Mzunguko unataka 12,000. Hizo 6,000 za ziada zinatoka wapi? Ikiwa unauza kwa 125 kilichokugharimu 100, na gharama za kudumu ni 20 kwa siku, ulikuwa unabaki na 5 kwa siku. Kukusanya 6,000 kwa faida hiyo ni siku 1,200. Faida mpya kubwa inakuja, ndiyo, lakini inakuja baada ya wateja kulipa, na msambazaji yuko mlangoni siku ya 15. Hapo ndipo mtu hukopa kwa riba ya haraka, anakula mtaji, anafunga, kisha anatangaza kwamba biashara hiyo ina nuksi. Mtu huyu akihamia bidhaa nyingine yenye siku 60 zile zile ataanguka vile vile, akilaumu bidhaa nyingine.

Dawa iko ndani ya hesabu. Punguza siku 45 ziwe 20, mzunguko unakuwa siku 35, na mauzo yale mapya yanahitaji 7,000 badala ya 12,000. Kumi na mbili hazipo. Saba zinatafutika. Na mtu akiiona namba hiyo kwa macho yake, woga wake unapata ukubwa unaoeleweka. Alikuwa anaogopa "biashara", sasa anaogopa siku 45. Siku 45 zinajadilika na mteja.

Kwa kurudi kwenyewe, usianze na swali la faida atakayopata. Anza na kiasi anachoweza kukipoteza chote na maisha yakaendelea. Saras Sarasvathy aliandika juu ya kanuni hiyo mwaka 2001, na kwa aliyeanguka inafaa mara mbili, maana makisio ya faida ni mahali ambapo imani yake ilimdanganya mara ya kwanza. Kiasi kiandikwe. Nacho kihesabu muda pia: miezi 6 ya kuacha mshahara ni fedha.

Kama ana ajira, asiiache mapema. Joseph Raffiee na Jie Feng, kwa takwimu za Marekani, waliona mwaka 2014 kwamba walioanza huku wakiwa bado kazini kisha wakahamia kikamilifu walikuwa na uwezekano wa kuanguka ulio chini kwa theluthi moja kuliko walioacha kazi moja kwa moja. Faida yake kwa mtu mwenye kovu ni kwamba anaweza kugundua kuwa wazo halifai na kuliacha bila kuliita maafa.

Mkatabani

Mchango mfupi. Mnazungumza kana kwamba utayari ni wa mtu peke yake. Sheria ya nchi yake inashika nusu ya usukani. England na Wales, tangu Aprili 2004, mtu aliyetangazwa mufilisi kwa kawaida huachiliwa baada ya miezi 12, wakati zamani ilikuwa hadi miaka 3. Ujerumani iliteremsha kutoka miaka 6 hadi 3 kwa maombi ya kuanzia Oktoba 2020. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 yanataka mjasiriamali mwaminifu aweze kufutiwa madeni ndani ya muda usiozidi miaka 3. Ufaransa nayo iliondoa mwaka 2013 ile alama ya benki kuu iliyokuwa inawafuata wakurugenzi ambao kampuni yao iliwahi kufilisiwa. Upande wa pili, Marekani inafuta madeni haraka, ila rekodi ya kufilisika inaweza kukaa kwenye taarifa za mikopo hadi miaka 10. Kwa hiyo ukimshauri mtu, uliza mambo mawili tofauti: deni linafutwa lini, na jina linasafishwa lini. Watu huchanganya, wanaomba mkopo siku deni lilipofutwa, wanakataliwa, wanakata tamaa mara ya pili.

Na kuhusu wadai wa zamani, Ghalani kasahau kwamba wao ndio wasambazaji wa kesho. H. J. Heinz, yule wa sosi ya nyanya, alifilisika mwaka 1875 baada ya kujifunga kwa mkataba kununua mazao kwa bei iliyopangwa, mavuno yakazidi, fedha ikaisha. Mwaka 1876 biashara mpya ilianza kwa majina ya kaka yake na binamu yake, kwa sababu lake halikuweza kutumika, na yeye akaendelea kuwalipa wadai wa zamani ambao sheria haikumlazimisha tena kuwalipa. Tahadhari moja: njia hiyo ya kutumia jina la ndugu leo inaweza kuwa kosa la jinai ikiwa aliyefilisika amezuiwa kuongoza kampuni naye ndiye anayetoa amri nyuma ya pazia. Aulize mwanasheria kwanza.

PimaKwanza

Mkatabani, nakubali. Niongeze tu kwamba hawa akina Heinz na Hershey tunawajua kwa sababu walirudi wakashinda. Waliorudi wakaanguka tena hakuna anayewaandika. Mleta uzi, ukiona orodha ya matajiri waliowahi kufilisika, iweke pembeni, haikuambii uwezekano wa kitu chochote.

MizaniYaShaba

Nimepata zaidi ya nilichotafuta. Swali la mwisho, DaftariWazi: ulisema namna ya kufunga ndiyo inaamua. Basi anayerudi ahakikishe vipi kwamba safari hii, hata akianguka, atafunga mwezi wa 4 na si wa 14? Maana kila mtu hujiambia asubiri kidogo tu, mambo yatakaa sawa.

DaftariWazi

Aandike ukomo kabla hajafungua, wakati hana cha kutetea. Gary Klein alieleza mwaka 2007 zoezi linalosaidia hapa: chukulia kwamba mwaka umepita na biashara imeshakufa, kisha andika imekufaje. Mtu aliyewahi kuanguka huwa hodari kwa hili, na kile alichokuwa anakiita woga kinageuka orodha ya kazi.

Halafu akokotoe salio la kusimama, yaani kiasi ambacho fedha isishuke chini yake kabla hajaamua kufunga. Kosa la kawaida ni kuliweka sifuri. Kufunga nako kuna gharama: mishahara ya muda wa notisi, pango lililobaki kwenye mkataba, mhasibu wa hesabu za mwisho, bei ya hasara ya kuuza mzigo haraka. Turudi kwenye mfano wangu wa 400 na hasara ya 40 kwa mwezi. Tuseme kufunga kunagharimu 90, na kutakuwa na mwezi mmoja wa kuhitimisha ambao bado unakula 40. Salio la kusimama ni 130. Mwisho wa mwezi wa 6 kibindoni pana 160. Mwezi wa 7 ungemfikisha 120, chini ya mstari. Kwa hiyo uamuzi ni mwisho wa mwezi wa 6, siku ambayo bado ana fedha, bado ana wateja, na kila mtu anamwambia asubiri kidogo.

Nakala ya karatasi hiyo apewe mtu asiye na hisa wala deni humo, na huyo mtu aonyeshwe salio la benki kila tarehe 5. Salio lenyewe, kwa macho yake. Akielezwa kwa mdomo tu, ataelezwa vizuri.